KUSTAAFU AJIRA SI KUSTAAFU KAZI
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka jana niliandika katika gazeti hili kuhusu ngeli, na wengi mkaniambia mlilala kabla ya ukurasa wa pili. Mwaka huu nimeleta somo jingine. Linaanza na neno moja la Kiswahili, lakini linaishia nyumbani kwetu, kwa hivyo tafadhali msilale.

Neno lenyewe ni kustaafu.

Mtakumbuka kwamba muhula wa pili tulikuwa na mjadala darasani, na mada ilikuwa "Wazee waliostaafu wakae kitako wawaachie vijana kazi." Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande uliounga mkono. Sitaki kujisifu lakini ukweli lazima usemwe: niliwasha moto. Nilisema kila mzee anayeng'ang'ania kiti baada ya miaka 60 amekalia mustakabali wa kijana. Nikasema mzee aliyefanya kazi miaka thelathini na zaidi hana jipya la kujifunza wala la kufundisha, na heshima yake ni kukaa chini ya mwembe na redio yake akisubiri chai. Mlipiga makofi. Upande wa kupinga walipata kura tisa tu, na nadhani mbili zilikuwa zao wenyewe.

Jioni hiyo nilitembea nyumbani kama jogoo. Ninyi mnajua sisi wa shule ya kutwa hatukai bwenini kupongezana. Ushindi wako unaubeba kwenye begi pamoja na vitabu. Babu nilimkuta kitaluni akinyunyizia miche maji kwa kopo lililotobolewa. Mimi ndimi niliyepewa jina lake, na kwetu Ukambani jambo hilo hutufanya tutaniane kama watu wa rika moja. Nikamweleza nilivyoshinda na hoja zangu zote, hata ile ya mwembe na redio.

Hakukasirika. Aliweka kopo chini, akaniuliza, "Kwa hivyo hii kazi yangu unataka nimwachie kijana?"

Nikajibu, "Ndiyo, Babu. Upumzike."

"Vizuri sana. Nionyeshe huyo kijana."

Nikanyamaza. Akaendelea kunyunyizia miche yake. Ndugu msomaji, makala haya yametokana na kunyamaza kwangu kule.

Sasa turudi kwenye neno. Kitenzi staafu tumekipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuomba kuachiliwa au kusamehewa wajibu. Yaani zamani mtu ndiye aliyeomba mwenyewe. Hebu tukinyambue kama tulivyofundishwa. Staafu: mtu anaacha kazi ya kuajiriwa kwa kutimiza umri au muda. Staafia: anastaafu na kwenda mahali, kama vile kusema "Amestaafia Mutomo." Staafisha: kumfanya mwingine astaafu. Staafishwa: kufanywa ustaafu. Babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alipomaliza mwaka 2004 umri wa kustaafu wa watumishi wa umma ulikuwa miaka 55. Serikali iliupandisha hadi 60 mwaka 2009. Kwa hivyo yeye husema, "Mimi sikustaafu. Nilistaafishwa na tarehe yangu ya kuzaliwa." Mnaona jinsi viambishi viwili tu vinavyobadilisha maisha ya mtu?

Tazameni pia jina la pesa anazopewa anayeondoka: kiinua mgongo. Lugha yetu imekubali kwamba mtu huyo mgongo wake umeinama kwa miaka ya kazi na sasa unahitaji kuinuliwa. Lakini umeinuliwa uende wapi? Kamusi haisemi.

Halafu kuna maneno mawili tunayoyachanganya kila siku, ajira na kazi. Ajira ina mwajiri na ujira, ina barua ya kuingia na barua ya kutoka. Kazi haina barua. Mama akichota maji mtoni amefanya kazi, na hakuna aliyemwajiri. Kosa langu katika mjadala lilikuwa hapo. Nilianza na ajira na nikamalizia na kazi, na hakuna aliyenishika. (Upande wa kupinga, mlikuwa wapi?) Kuhusu viti vya ofisini bado nashikilia msimamo wangu: mzee aondoke kwa wakati, maana vijana waliohitimu ni wengi na wako nyumbani. Hata majaji, ambao Katiba inawaruhusu kukaa hadi miaka 70, siku yao hufika. Lakini mukau wa Babu si kiti cha mtu.

Wacha nieleze mambo ya mukau, maana wanaotoka mjini huenda hawaujui. Ni mti wa nyika zetu, Kitui na Makueni hadi Taita. Unavumilia ukame, mbao zake ni nyekundunyekundu na mchwa haziwezi. Ukitunzwa vizuri hukomaa kwa miaka 10 hadi 15. Shida yake ni mbegu. Mbegu ya mukau imefungwa ndani ya kokwa gumu kama jiwe, na ukiipanda hivyo hivyo utangoja mpaka uote wewe. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakiukata porini tu bila kuupanda, kwa sababu hawakujua namna ya kuuotesha.

Babu hakuanza na mikau. Mama husimulia kwamba mwaka wa kwanza wa kustaafu ulikuwa mbaya. Babu aliamka saa kumi na moja alfajiri, akanyoa ndevu, akafunga tai, akatembea hadi langoni, kisha akasimama pale. Kengele ya shule ililia ng'ambo ya bonde naye amesimama. Akarudi ndani. Alifanya hivyo siku nyingi. Pensheni nayo ilichelewa, faili likasemekana halionekani katika ofisi moja, akawa anapanda basi kwenda Nairobi na kurudi na maneno ya "njoo mwezi ujao". Kiinua mgongo kilipokuja hatimaye, kilikuta madeni yamekaa kwenye foleni kumsubiri. Aligombana na kila mtu, hata na kuku. Kumbe ile picha yangu ya mzee na redio chini ya mwembe yeye aliishi ndani yake mwaka mzima, na nusura imuue.

Mwaka 2006 akasikia habari za mukau. Akaokota makokwa mia mbili, akayapanda kwenye mifuko ya plastiki iliyokatwa. Hakuota hata mmoja. Majirani wakasema mwalimu amepungukiwa. Hapo ndipo alipopanda matatu hadi mjini Kitui, kwenye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ambayo kwa miaka mingi imeshirikiana na Wajapani kuhusu miti ya nchi kame. Akaketi kwenye benchi na vijana. Babu husema jambo gumu zaidi halikuwa mbegu. Lilikuwa kuinua mkono na kusema "Sijaelewa" mbele ya watu walio na umri wa wanafunzi wake, yeye aliyekuwa akiwachapa watu kwa kutoelewa.

Na kazi yenyewe ni hii. Unachuma matunda mtini yanapoanza kugeuka manjano. Unayatwanga kuondoa nyama, unakausha makokwa. Kila kokwa unalilaza juu ya gogo, unaweka kisu, unagonga kwa nyundo, kwa kipimo, maana ukizidisha unaponda mbegu na ukipunguza halipasuki. Ukishaitoa mbegu unakata kidogo ncha yake, unailoweka usiku kucha katika maji baridi, asubuhi unachana ganda lake kwa wembe bila kugusa kiini. Ndipo unaipanda kwenye mchanga na kuifunika kwa karatasi ya plastiki ipate joto. Mbegu moja moja! Niliposikia hayo nilisema hii ni kazi ya mtu aliye na maisha mengi mbele yake. Lakini alipoianza alikuwa na miaka 57, na mti wenyewe hauna haraka.

Fikirini jambo hilo. Mtu wa miaka 57 anapanda mti wa kukata akiwa na 70. Ninapoona watu wakisema mzee hana matumaini ya kesho nashindwa wanaongea juu ya mzee gani. Mwaka 2023 nilipoitwa kidato cha kwanza, sare yangu, viatu, vitabu na pesa za chakula cha mchana vilitoka kwenye mikau minne ya mstari wa kwanza. Ndiyo. Nilisimama mbele yenu nikiwa nimevaa shati la mukau, nikatetea hoja kwamba mpandaji angekaa chini.

Nilitaka kujua kama Babu ni wa peke yake, nikaanza kusoma. Mfano wa kwanza mnaujua. Januari 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi, na mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge akaingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo huko Eldoret akiwa na miaka 84. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama watoto. Alisema alitaka kujisomea Biblia mwenyewe na kuhesabu pesa zake. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuzungumza katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure. Baada ya uchaguzi wa 2007 ghasia zilimfikisha katika kambi ya wakimbizi, na bado aliendelea kwenda shule. Baadaye alihamia Nairobi, akasoma huko pia, mpaka alipofariki Agosti 2009. Na huko Ndalat katika Bonde la Ufa alikuwako Bi Priscilla Sitienei, mkunga, aliyeketi darasani na watoto ambao baadhi yao aliwapokea kwa mikono yake walipozaliwa. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 99, akiwa bado mwanafunzi. Hawa wawili hawakuwa na ajira ya kustaafu. Walikuwa na deni la nafsi zao walilolilipa marehemu.

Mfano mwingine unatuhusu sisi wapenzi wa lugha. Mwalimu Julius Nyerere aliacha urais wa Tanzania mwaka 1985. Aliongoza Tume ya Kusini kuanzia 1987 hadi 1990, na mpaka karibu na kifo chake tarehe 14 Oktoba 1999 alikuwa msuluhishi wa amani ya Burundi. Hayo ni ya siasa. Lakini kule Butiama, kati ya shamba na wageni, aliketi pia akaziweka Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996 akiwa na miaka 74. Anayejua kazi ya kutunga mizani nane nane kwa beti mia na mia ataelewa kwamba hiyo haikuwa njia ya kupoteza wakati. Na mnaposema runinga, mkumbuke kwamba anayetajwa kulibuni neno hilo ni Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyezaliwa 1927 na kufariki 2017, na uzeeni watafiti walikuwa bado wakimwendea kuuliza.

Mwalimu wetu wa ushauri nasaha aliniazima kitabu kinachomtaja mwanasaikolojia mmoja, Erik Erikson, aliyezaliwa Ujerumani 1902 na kufia Marekani 1994. Erikson aligawa maisha katika hatua nane, na alikataa wazo kwamba ukuaji huisha mtu akishaota ndevu. Alisema utu uzima una mtihani wake: ama mtu anazaa kitu kitakachowafaa wanaomfuata, ama anadumaa. Sikuyaelewa yote, ila niliposoma hapo niliona lango, tai, na kengele ng'ambo ya bonde.

Hata Katiba yetu ya 2010 inalitambua jambo hili. Kifungu cha 57 kinazungumzia wazee. Nilidhani kitasema wapewe chakula na blanketi basi. Kumbe kinasema wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wana haki ya kutafuta maendeleo yao ya kibinafsi, waishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wapate utunzaji wa familia na wa serikali. Maendeleo ya kibinafsi! Ya mzee! Mtu wa Katiba aliyeandika maneno hayo hakuwa katika mjadala wetu.

Lakini nisiwadanganye. Si kila mzee anayefanya kazi amechangamka moyoni. Wengi wanafanya kwa sababu hawana budi. Mpango wa Inua Jamii humpa mzee aliyesajiliwa wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na nyumba nyingi za kwetu mzee huyo ndiye anayelea wajukuu ambao wazazi wao wako Mombasa au Nairobi wakitafuta. Ukimwona nyanya wa miaka 75 akivunja kokoto kando ya barabara usimwimbie wimbo wa elimu haina mwisho. Mpe pole, na ukiweza mpokee nyundo.

Tena mambo haya mawili, dhiki na hamu, hukaa ndani ya mtu mmoja. Nyanya yangu mzaa mama, ambaye tunamwita Susu, yuko Makueni, upande wa Kathonzweni. Anasuka vyondo, na ni pesa anazotafuta, hilo hakatai. Mwaka 1979 serikali ilipoanzisha kampeni kubwa ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika, wenzake walienda ngumbaru, yeye alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Aliingia ngumbaru mwaka 2016 akiwa na miaka 68, katika chumba cha kanisa. Na sababu? Wateja wa vyondo walikuwa wakimtumia malipo kwa M-Pesa, na binamu yangu mmoja (simtaji, anajijua) ndiye aliyekuwa akimsomea meseji. Ikiandikwa mia nane, yeye anasoma mia saba. Susu alishuku kwa muda mrefu. Siku aliyoweza kusoma tarakimu na maneno peke yake hakusema kitu. Alimpa binamu simu asome kama kawaida, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Sasa nisomee na ile mia."

Leo Susu ndiye mweka hazina wa mwethya wao, kile kikundi cha akina mama wanaochimba matuta na kusaidiana kujenga mabwawa ya mchanga mtoni. Alianza kwa ajili ya shilingi mia. Sasa anashika daftari la watu thelathini, na akiulizwa kwa nini hapumziki anauliza daftari litashikwa na nani.

Mnaona swali linavyorudi? Babu aliniuliza, "Nionyeshe huyo kijana." Wote wawili wanangoja mtu. Nilipokwenda kitaluni Jumamosi iliyofuata ndipo nilipojua kwa nini. Babu sasa ana miaka 76 na mikono yake inatetemeka. Kugonga kokwa bado anaweza. Kuchana ganda kwa wembe hawezi tena. Tangu mwaka jana mbegu nyingi ameharibu, na hakuwa amemwambia mtu. Baba na ami zangu wamekuwa wakimwambia aache, kwa upendo, na kila wanapomwambia hivyo yeye husikia kengele ile. Hakuna hata mmoja wao aliyemwambia, "Nipe wembe."

Nikaketi kwenye kigoda, yeye akakaa kwenye kiti karibu nami. Akanifundisha kama alivyofundisha darasa la nne: kwanza anaeleza, halafu ananyamaza, halafu anakuacha ukosee. Saa ya kwanza nilijikata kidole na kuponda mbegu kumi na moja. Nilitaka kusema nina kazi ya nyumbani ya hisabati. Yeye alikuwa akicheka kimya kimya, na niliona ameketi wima kuliko siku zote. Akanisimulia jinsi mkufunzi wake kule KEFRI alivyokuwa mwanafunzi wake wa zamani, aliyemchapa kwa kushindwa kujumlisha sehemu, na jinsi mtu huyo alivyomshika mkono polepole na kumwonyesha mahali pa kukata. "Ningekuwa yeye," Babu akasema, "ningelipiza."

Tulipanda mbegu 50 katika mchanga, zote nilizozichana mimi. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule niliinua plastiki nikachungulia. Baada ya wiki mbili Babu akaja na daftari lake la zamani la alama, lile la jalada la bluu ambalo halijaandikwa tangu 2004. Akahesabu vichipukizi mara mbili kwa kidole, akavaa miwani, akaandika jina langu, ambalo ni lake pia, na mbele yake kwa kalamu nyekundu:

19/50. Rudia.